Mahali Pako Kwenye Mkeka wa Marselino

Chang'ombe,
Dar es Salaam.
9 Juni 1996

Mpendwa mdogo wangu Adelard,

Pokea salamu za nyumbani. U hali gani huko Mwanza, na kile kifua kimepona? Sie wazima, ila Baba ndiye ananinyima usingizi, na sababu ni wewe.

Unamkumbuka Marselino, fundi umeme wenu wa kiwandani. Tangu kiwanda kifungwe anatengeneza redio na gemu za TV hapa mtaani. Sasa kachukua gemu moja, kafumua vibonyezo vyake na kuvishonea chini ya mkeka mpana. Ukikanyaga hapa spika inalia ta-ta-ta, ukikanyaga pale inanguruma. Kila mtu kapewa mahali ilipokuwa mashine yake. Jumamosi wenzako wanakuja, wanavua viatu, wanakanyaga kwa kupokezana kama zamani, basi uani kwake kiwanda kizima kinafanya kazi. Mara ya kwanza nilicheka, kisha nikalia.

Mahali pako tu ndipo palikuwa patupu. Bado wanasema wewe, mwakilishi wao, ulikula mlungula ndipo ukasaini kwa niaba yao kiwanda kifungwe. Nami kila siku naambiwa lisemwalo lipo.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda na Baba. Akaona lile pengo, akasema atamshikia mwanawe zamu. Kukanyaga tu, sauti zote zikakatika. Kumbe chini ya mahali pako Marselino kaweka kile kitufe cha kuzima gemu na kuanza upya. Wakacheka. Mmoja akamwambia, "Mzee, hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Adelard."

Baba hakuinua mguu. Wakamsihi ashuke, akagoma. Alisimama pale mpaka adhana ya magharibi, na mkeka haukutoa mlio. Jana karudi tena. Anasema kila Jumamosi atasimama hapo mpaka atokee mtu aliyekuona ukipokea chochote. Hakutokea mtu. Presha yake unaijua, Adelard, na mie naogopa.

Jana hiyo tulipokuwa tunarudi nyumbani alinishika mkono, akaniuliza polepole, "Feli, hivi kweli alichukua?"

Swali hilo ni lako. Usinijibu kwa barua. Njoo umjibu yeye, hata kama jibu lenyewe ni la aibu.

Mama anakusalimu, na shangazi Anjelina, na Loveness wangu ambaye sasa anakwenda shule. Mungu akufungulie njia mapema.

Ni mimi nikupendaye, vyovyote itakavyokuwa,
Dada yako Felicitas