Kulia Gani?

Kulwa mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Kambarage tu wazima, na pacha wako Doto anakusalimu. Umeuliza kama uache makro, ile kanuni fupi inayojiandikia amri za kompyuta, ikuzalishie msimbo wa kuendesha mitambo au uuandike kwa mkono. Wanaoiita makro uchawi ni wavivu wa kusoma. Itumie, lakini soma ilichozalisha.

Ujanani niliandika programu ya mgodi mmoja Geita. Shimo lilikuwa na pampu mbili za kutoa maji, ya kushoto na ya kulia; niliipa makro jina la kila pampu, ikazalisha amri ya kuiwasha: washa_kushoto, washa_kulia. Mwenzangu Masanja alishughulikia kengele ya kuwaonya wachimbaji maji yakijaa shimoni. Aliona washa_kulia ikitumika, akatafuta maelezo yake kwenye faili asiyapate, kwa kuwa ilizaliwa na makro. Akadhani ndiyo inayoliza kengele, akaitumia.

Tulipojaribu, kengele ilinyamaza, pampu ikanguruma.

"Si umeandika kulia?" Masanja akafoka. "Kengele si hulia?"

"Mkono wa kulia, bwana!"

Msimamizi wa mgodi akacheka. "Basi wafundisheni watu wangu kukimbia wakisikia pampu."

Kompyuta haikuona kosa lolote, maana amri yenyewe ilikuwapo. Tukabadilisha jina likawa washa_pampu_ya_kulia, na zamu ya wachimbaji haikushuka shimoni mpaka kengele yenyewe ilipolia.

Bibi yako, adui wa majina mafupi.