Nyumbani Hapajaguswa

Kwako Kaka,

Huku wazima, na paka kazaa tena juu ya fulana yako.

Ile Linux, mfumo mpya wa kompyuta, imekubali. Niliigawa diski ulivyonielekeza: sehemu moja ya mfumo, nyingine ya faili zetu, nikaiita "Nyumbani". Shemeji yako alinisikia nikikwambia kwenye simu, "Nimeshagawa kila kitu, sasa naanza upya," akanyong'onyea mlangoni akidhani namwacha! Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Wiki hii mfumo uligoma kuwaka. Nikaufuta na kuuweka upya, roho mkononi, maana sauti ya Baba imo Nyumbani, na tangu apate kiharusi hajatamka neno. Mungu mkubwa, kila kitu kipo!

Nikamwekea asikie. Kumbe ni siku ile ulipokuwa unajaribu kinasa sauti, mkagombana na Baba, ukaondoka bila kukizima. "Toka, usirudi!" Nikataka kuzima, Baba akanishika mkono. Mlango ukasikika ukibamizwa, kukawa kimya, kisha sauti yake tena, ya chini: "Msitie komeo. Atarudi tu."

Hatujalitia, Kaka.

Ni mimi, mdogo wako