Punje ya Kahawa Mfukoni mwa Nivi

Mama,

Shikamoo. Najua ungeniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula: ndizi na maharage, Baba kapika mwenyewe, chumvi kaitia kama ya ng'ombe, na hakuna aliyethubutu kusema neno. Sasa nimekaa hapa kibanjani, kwenye shamba letu la nyumbani, kati ya kaburi lako na ule mti wako mzee wa kahawa, daftari la shule magotini. Migomba haijambo. Mimi ndiye sijatulia, kwa sababu nilikudanganya ukiwa kitandani, na nimekuja kuungama.

Unakumbuka kanisa lilipoleta wageni kutoka kaskazini kabisa ya dunia? Kila nyumba hapa Kituntu ilitaka mgeni anayejua Kiswahili kidogo. Wewe ukamchukua asiyejua hata neno moja: Nivi, Muinuiti, mama wa makamo anayecheka kwa mabega, mtu wa pwani ambako bahari huganda mpaka watu hutembea juu yake. Mimi mwalimu wa Kiingereza nikawa mdomo wenu kwa siku tisa. Tena mara nyingine hamkunihitaji. Niliwakuta jikoni mkimenya ndizi, wewe na Kinyambo chako, yeye na lugha yake, mkiwasema waume zenu na mkielewana vizuri sana.

Humo humo jikoni ulimuuliza kwao wanalima nini. Akasema hakuna mgomba, hakuna muhogo. Chakula chao ni sili, nyangumi na samaki, vyote kutoka majini. Na sasa kuna kampuni inataka kuchimba mafuta na gesi chini ya bahari ile. Yakimwagika chini ya barafu, alisema, nani atayatoa? Watu wa kijiji chake wanakataa, na yeye ni mmoja wa wanaosimama mbele. Uliweka kisu chini. "Kumbe bahari yao ndiyo kibanja," ukasema, na siku hiyo ndizi zikachelewa kuiva.

Siku ya kuagana ukamfanyia ya kizamani. Ulitoa tunda moja la akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, ukalipasua, punje moja ukatafuna wewe, ya pili ukampa yeye. Wazee wa zamani walizipaka punje na damu zao. Wewe, Mlutheri wangu, ulisema damu ya Yesu inatosha ila kahawa hatuiachi. Waliogawana tunda moja ni ndugu, na ugomvi wa mmoja ni wa wote wawili. Nikamtafsiria. Akalia, akashukuru, akaifunga punje yake kwenye leso na kuitia mfukoni!

Lo, ulivyochukia. "Mwambie kahawa haiwekwi akiba. Undugu gani huu wa mfukoni?" Gari lilikuwa limeshawaka. Nikamwambia unamtakia safari njema.

Ndivyo nilivyo, Mama. Neno lako likiwa na miiba, mimi huling'oa miiba kwanza, halafu ndipo nalipeleka. Umenisomesha, nami nikajifunza adabu kuliko ulivyotaka.

Kisha Nivi akaandika kwamba serikali yao itafanya kikao cha kusikiliza wananchi, na kila mmoja anaweza kuleta sauti ya ndugu yake. Ulikuwa umeshaanguka kitandani, huwezi hata kushika kikombe. Ukaniamuru nikuinue, nishike simu nikurekodi, ukasema kwa pumzi tatu: "Anayeingia kibanjani kwa mtu na kuanza kuchimba bila hodi, hata akija na zawadi, ni mwizi mwenye adabu. Asipewe kiti. Huyo aliyemkaribia dada yangu amenikaribia mimi." Nami nikatuma sauti hiyo, na chini yake nikaandika kwa Kiingereza kwamba familia yetu inaiomba kampuni iwashirikishe wenyeji. Niliona aibu. Nikafikiri, watatuona washamba. Ukaniuliza, "Umesema yote?" Nikajibu, "Yote." Ukanipapasa mkono, ukalala. Baada ya siku nne tukakuzika.

Nimebeba ile "yote" tangu siku hiyo. Wanawake wananipa pole kwa kukuuguza vizuri, nami natamani ardhi inimeze.

Nivi alipopiga simu nilimwambia umetutoka. Akanipa pole. Halafu akasema kikao kimeahirishwa, sauti yako haijachezwa bado, na kama kuna mtu wa kukaa kwenye kiti chako wakati wa kikao, anaomba awe mimi. Hapo hapo nikamwambia ukweli wote, pamoja na ile safari njema. Mama, alicheka! Alicheka huku analia, akaniambia alijua tangu siku ile, kwa sababu uso wako haukuwa wa kumtakia mtu safari njema.

Basi jana saa kumi jioni nilipanda kilima hadi shuleni penye mtandao, nimevaa gauni lako la kitenge, limenipwaya. Ukumbi wao ulijaa. Wenye kampuni walikaa mbele. Sauti yako ikachezwa kwa Kinyambo, pumzi zote tatu, kisha nikaitafsiri, neno kwa neno. Nilipofika kwenye mwizi mwenye adabu sikuruka neno. Nikasema. Na asipewe kiti, nikasema. Bibi mmoja nyuma kabisa akaanza kupiga makofi.

Uamuzi haujatolewa. Huenda kampuni ikaruhusiwa kuchimba, sitakudanganya tena. Lakini Nivi alikuja mbele ya kamera, akafungua leso, akaitoa ile punje. Akaniambia kwao kitu cha thamani huwekwa mpaka siku ya kazi. Akaitafuna. Alivyokunja uso kwa uchungu wake ungefurahi sana.

Kwa hiyo pumzika, mama yangu mkali, mama yangu mtamu. Hatakuwa Nivi tena kwangu, ni mama mdogo. Watu wake wakiitwa tena kikaoni, nitapanda tena kile kilima, na siku wakishindwa nitalia naye kama mtoto wake. Miiba yako sitaing'oa tena.

Na ukiniuliza tena huko uliko, jibu ninalo. Nimesema yote.

Mwanao.