Kolombe Anapita Kando

Mweso, 12 Juni 1949

Dada yangu mpendwa Athanasie,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Polycarpe. Hamjambo nyumbani? Watoto hawajambo? Mimi mzima, ni kikohozi tu cha baridi ya huku, ambayo umeisahau tangu uanze kula mawese ya Mpofi.

Nimepata kazi, na ukisikia ni wapi utacheka ao utalia. Ni kwenye kilima chetu cha zamani! Mzungu aliyetuhamisha ameleta farasi, na mimi, mtoto wa Kabera mfuga ng'ombe, njo mwalimu wao. Bwana hataki farasi wa mbio wala wa mizigo. Anataka watembee kwa madaha, wageuke na kusimama kwa ishara ndogo asiyoiona mtu. Kazi hiyo anaiita dresaji, na inaanza wangali wadogo: kuzoea mkono, kuzoea kamba kichwani, kutembea ubavuni mwako bila kukukanyaga. Nimekanyagwa vya kutosha.

Yupo mmoja, jike la mwaka mmoja, rangi ya majivu, jina lake Kolombe. Ana akili kuliko wenzake wote. Lakini kuna mahali kiwanjani hapakanyagi. Akifika pale anapita kando, miguu ikipishana vizuri, kisha anashusha pua hadi karibu na ardhi na kupumua polepole. Nimetazama, ni majani tu. Bwana alipoona akapiga makofi. «Kutembea ya kando vile, farasi ya Ulaya inajifunza miaka. Wewe ulimufundisha namna gani?» Mimi sikumfundisha.

Mdogo wako,
Evode

Mpofi, 3 Agosti 1949

Mdogo wangu Evode,

Barua yako imeletwa na dereva wa mawese. Tu wazima, na mbu wa Mpofi wanakusalimu. Pole na kikohozi, tafuta asali.

Unauliza kama watoto hawajambo. Unajua sina. Ni salamu tu, mkono uliandika wenyewe, lakini imeniuma. Wanawake wa hapa wanaitana Mama fulani, Mama fulani. Mimi wananiita Athanasie mtupu, na mke wa shemeji yangu hulitamka kwa sauti ili kisima kizima kisikie. Usiniandikie tena neno hilo.

Niambie kitu kimoja. Mahali anapokwepa farasi wako ni wapi hasa? Nijibu upesi.

Dada yako,
Athanasie

Mweso, 20 Mei 1951

Dada yangu,

Nakusalimu kwa aibu. Mko wazima? Ulinikemea, nikanuna, na kununa kwangu kumekula karibu miaka miwili. Nisamehe, unanijua.

Uliuliza ni wapi. Ni nyuma ya lilipokuwa jiko la Mama, penye migomba iliyokatwa.

Sasa naandika kwa sababu naogopa. Kolombe ana miaka mitatu. Namzungusha kwa kamba ndefu, mimi katikati, yeye akinizunguka: tembea, changanya mwendo, simama. Anafuata sauti tu, fimbo haimgusi. Lakini siku hizi anasimama kabla sijasema, na masikio yake hayako kwangu. Pale nyuma ya jiko bado anapita kando, ila pua haishuki tena mpaka chini. Mwaka jana ilikuwa inakomea pajani kwangu. Sasa inakomea kiunoni, katika hewa tupu, na anapumua vilevile polepole.

Damien, mwenzangu wa zizini, hataki tena kushika kamba. «Kaka, huyu farasi iko anaona muntu,» aliniambia. «Na ule muntu iko anakomaa.»

Bwana yeye amefurahi tu. Mvua zikikatika anataka kuchimba mtaro wa kutoa maji kiwanjani, nao utapita pale pale.

Mdogo wako,
Evode

Mpofi, 1 Juni 1951

Evode,

Salamu utazipata siku nyingine. Usiwaache wachimbe.

Ni mtoto wangu. Mwaka 1946, ulipokuwa kazini Goma, nilikuja kujifungulia kwa Mama. Alikuwa msichana. Alikufa kabla ya siku ya kupewa jina, na hakuwa amebatizwa, kwa hiyo misioni hakukuwa na nafasi yake. Tulimzika nyuma ya jiko, Mama na mimi, bila alama na bila kilio, kama desturi yetu ilivyo. Asiye na jina hatajwi. Mama ameondoka duniani bila kumtaja. Polycarpe anajua na hasemi. Nami sikupata kurudi kumwona, maana Mzungu alikichukua kilima.

Angekuwa na miaka mitano. Tafuta mtoto wa miaka mitano, msimamishe mbele yako, uone anafika wapi.

Mimi siogopi, Evode. Nina hasira, na nina furaha ambayo siwezi kumwambia mtu. Tulinyonya ziwa moja, wewe na mimi. Mlinde.

Dada yako,
Athanasie

Mweso, 28 Juni 1951

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole ambayo ilipaswa kufika miaka mitano iliyopita.

Hawakuchimba. Nilimwendea Bwana na uso wa mtu mwenye elimu, nikamwambia: «Bwana, ukigusa ule udongo, Kolombe atasahau kutembea ya kando, na hatajua tena.» Alishtuka kweli. Mtaro umezungushwa nyuma ya zizi, na watu wamekatazwa hata kulima karibu.

Nilikwenda pale mchana, nikavua kofia. Nikasema: «Mutoto, mimi njo mujomba wako.» Kolombe alikuwa mbali, ng'ambo ya kiwanja. Aliinua kichwa akalia, halafu akaja mbio, akasimama karibu nami, akiacha kati yetu nafasi ya mtu mmoja. Nililia, dada, mbele ya Damien na wote.

Mdogo wako, mjomba,
Evode

Mweso, 9 Februari 1953

Dada yangu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi si mzima rohoni.

Wakati wa kumpanda Kolombe umefika. Farasi mchanga huzoezwa taratibu: kwanza tandiko tupu, kisha gunia la mchanga, kisha mtu analala juu kwa tumbo, na bado ataruka akuangushe. Juzi nilimfunga tandiko kwa mara ya kwanza. Hakuruka. Alikwenda nyuma ya jiko, akasimama, akatetemeka ngozi ya mgongo. Kisha akaanza kazi yote, bila kamba, bila mimi. Alizunguka kulia, akazunguka kushoto, akasimama sawasawa, masikio yakielekea nyuma, anavyofanya farasi akimsikiliza aliye mgongoni.

Baadaye nilimpitisha pale. Alipita moja kwa moja, akapakanyaga. Farasi wengine nao wanapakanyaga. Hapana kitu pale tena.

Bwana amemuuza kwa mtu wa Usumbura. Lori linaondoka mwisho wa mwezi. Nimemwomba, nimepiga magoti, amecheka.

Nisamehe.
Evode

Mpofi, 2 Machi 1953

Evode,

Nilikuwa na mtoto kwenye kilima. Sasa sina hata kaburi.

Athanasie

Mweso, 6 Machi 1953

Dada yangu,

Sijui kama unataka salamu zangu. Nazituma.

Lori lilikwama matopeni, hata Kitshanga halikufika. Walipomshusha Kolombe alikata kamba. Nyayo zake zinaelekea machweo, upande wa msitu, upande wenu. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharagwe walimwona. Wanasema hakukimbia hata kidogo. Alikuwa anakwenda kwa hatua za taratibu, shingo imeinama vizuri, na kwenye mteremko aliteremka kwa uangalifu sana. Bwana ametuma watu kila njia.

Mdogo wako,
Evode

Mpofi, 25 Machi 1953

Mdogo wangu mpendwa Evode,

Nakusalimu kwa moyo wote. Kikohozi chako kimepona? Sisi hatujambo, sisi sote.

Farasi wenu yuko hapa. Alifika siku ya soko, nikiwa naanika mihogo. Majirani walikimbia, maana hawajaona mnyama wa namna hiyo. Amekonda, ana matope mpaka tumboni, ila mgongo wake ulikuwa mkavu na safi. Alisimama mbele yangu, ubavu kwangu, akangoja. Niliinua mikono, Evode, sijui ni nani aliyenifundisha, nikapokea. Uzito ulikuwepo.

Baada ya hapo alijitikisa mwili mzima, akaenda kula majani kama mbuzi yeyote. Njoo umchukue. Anaruka akiguswa mgongoni, itabidi umfundishe upya.

Jana nilikuwa kisimani na wale wanawake wote. Akapita mgeni, muuza chumvi, ambaye hajui mambo yetu. Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu, akasema: «Mama, mutoto wako iko na miguu mizuri. Anaitwa nani?»

Nami nikamtajia jina kwa sauti, kisima kizima kikasikia.

Dada yako,
Mama Dorothée