Uzito Tuliojiandikia

Jumatano, 16 Julai

Maji, kufagia, uji, shule. Leo dodoso la afya la mtandaoni limefika kwetu Kidato cha Tatu. Madam wa Biolojia ametuingiza maabara watano watano, tunajaza kwenye kishikwambi chake. Unakula mara ngapi. Unalala saa ngapi. Kisha urefu. Kisha uzito, na swali: umepimwa au umekisia? Hapo tukakwama. Shuleni hakuna mizani. Madam kasema asiyejua akajipime popote anapoweza, tutamalizia Ijumaa.

Nimewakaribisha wasichana kwetu. Baba ananunua mahindi, ana mizani ya chuma ya kukanyagia. Inabeba gunia, haiwezi kushindwa na msichana. Nilisema kwa majivuno kidogo. Wanunuzi wengine hapa Susuni wanataka lumbesa, gunia lishindiliwe mpaka liote kichwa. Baba anapima. Watu humwita mtu wa haki.

Alhamisi, 17 Julai

Wamekuja kumi na mmoja. Tumecheka mpaka mbavu zinauma. Baba alitoka ndani, wakamwamkia shikamoo kwa pamoja. Akasema, "Marahaba. Leo nanunua wasichana?" Ghati akamjibu, "Mzee, sisi bei yetu ni ng'ombe, siyo kilo." Baba akacheka. Hakukaa.

Mimi 47. Rafiki yangu Bhoke 43. Nilidhani atanizidi, maana ndiye mwenye mikono ya jembe.

Urefu kila mtu na lake. Wengi wameandika ule wa fomu ya kujiunga Kidato cha Kwanza, kana kwamba tangu siku hiyo hawajakua. Ghati, ambaye wavulana wanamwita Mnara wa Simu, amejipunguza makusudi.

Ijumaa, 18 Julai

Tumetuma. Kishikwambi kinajibu papo hapo. Bhoke kimemwandikia kwa rangi nyekundu kwamba uzito wake ni mdogo kwa urefu wake, amwone mhudumu wa afya. Waliokuwa nyuma yake wakasoma. Kufika saa ya chakula tayari ana jina jipya. "Fito, toka mlangoni, upepo utakubeba." Shuleni hakulia. Alilia njiani.

Mimi ndiye niliyemwita kwenye mizani.

Jumatatu, 21 Julai

Mama Bhoke aliacha kupukuchua mahindi, akampeleka zahanati. Wamempima: 47. Hana ugonjwa wowote. Nilipokutana nao, Mama Bhoke aliniambia, "Zahanati siku hizi wanagawa kilo za bure." Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Kilo nne kwa siku chache? Kwa ugali gani?

Nimemweleza Madam. Amefurahi kama mtu aliyeokota kitu. Ataazima mizani ya zahanati, tupime darasa zima, tulinganishe na tulichoandika. Kazi ikiwa nzuri, nitaipeleka kwenye maonyesho ya sayansi Musoma. Mimi. Sijawahi kufika Musoma.

Jumatano, 23 Julai

Tumepima. Viatu nje, utepe ukutani, mizani sakafuni. Waliokisia uzito, makosa yao yametawanyika: huyu kajiongeza, yule kajipunguza. Ghati karudishiwa sentimita zake zote, kanuna. Lakini wale kumi na mmoja waliopimwa kwetu, waliojibu "nimepimwa," wote waliandika pungufu. Kilo nne, nne na kidogo. Nami pia: niliandika 47, kumbe ni 51.

Madam amezizungushia duara zile namba kumi na moja. "Robi, watu wakidanganya, kila mmoja anadanganya kivyake. Hawa wenzako wamekosea sawasawa. Walipimiwa wapi?"

Nimesema nitawauliza. Nilijua. Nilisema nitawauliza.

Alhamisi, 24 Julai

Labda mizani ya zahanati ndiyo mbovu. Labda ni sare. Hapana, tulivaa sare siku zote mbili.

Baba kaenda kuuza mzigo Sirari, mpakani. Kwenye nyumba mpya tunayojenga kuna mifuko ya saruji haijafunguliwa. Nimesukuma mfuko mmoja kwa toroli mpaka kwenye mizani. Mfuko umeandikwa 50. Mizani imesema 46. Nikaushusha, nikaupandisha tena. 46.

Nikainama. Kwenye mkono wa mizani kuna kipande cha chuma kimefungwa kwa waya, upande usiotazamwa. Kimepakwa rangi ileile ya kijivu. Kutu haipaki rangi; hiki kimewekwa na mtu.

Kila gunia. Kila msimu. Na Mama Bhoke huleta kwetu kwa sababu Baba anapima.

Ijumaa, 25 Julai

Nimemkwepa Madam. Nimekaa maktaba, nimeandika ripoti. Inasema wasichana hujipunguzia uzito kwa sababu ya aibu. Inasomeka vizuri sana. Ingefika Musoma.

Bhoke amekuja akakaa karibu yangu, akanimiminia karanga kiganjani. Bado wanamwita Fito. Ripoti yangu inamwita mwongo.

Nimeichana.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya ibada nimemwambia Baba. Mama alikuwa anakata mboga, kisu kikasimama. Nimeeleza ripoti ya shule, nimeeleza mfuko wa saruji, nimeeleza chuma. Nilikuwa natazama miguu yake.

Baba kasema, "Mahindi wanayaleta mabichi. Yanakauka njiani. Nikifika Sirari yamepungua, nani ananifidia?"

Nimesema, "Bhoke hakauki, Baba."

Sijui maneno hayo yametoka wapi. Mama akasema, "Robi, inatosha." Baba akauliza nitaandika nini. Nikasema nitaandika mizani. Akauliza, ya nani. Nikasema Madam ameshauliza hilo.

Ameinuka, hajala. Namwogopa. Nampenda vilevile, na hilo ndilo linanikera zaidi. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

Jumatatu, 28 Julai

Nimemkabidhi Madam ripoti mpya. Nimeandika: hawa kumi na mmoja hawakudanganya, walipimwa kwenye mizani ya baba yangu, na mizani hiyo inapunguza. Amesoma mpaka mwisho. Akafunga mlango, akaniuliza kama nyumbani niko salama. Nimesema ndiyo. Nadhani ndiyo. Kasema ripoti itakaa kwenye droo yake mpaka nitakapomwambia mwenyewe aitoe. Musoma hakuitaja.

Kisha akaliambia darasa kwamba Bhoke hana tatizo lolote, kosa lilikuwa la mizani. Ghati akauliza mizani ipi. Madam kasema tufungue ukurasa wa mfumo wa mmeng'enyo.

Jumatano, 30 Julai

Baba haongei na mimi. Anaongea na redio. Anaongea na mbuzi. Leo hakununua mahindi, na ni msimu. Watu wamesubiri langoni, Mama akawaambia Mzee hajisikii vizuri. Mama Bhoke alikuja na gunia mgongoni mwa punda, akageuka. Mwanamume mmoja kasema basi twendeni kwa wa lumbesa, tutafanyaje.

Nilikuwa nyuma ya dirisha. Sasa wataibiwa kule badala ya huku. Nimesaidia nini? Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ijumaa, 1 Agosti

Hakuna kitu. Lango limefungwa. Mama hanifokei, afadhali angenifokea. Madam aliniuliza kwa macho, nikatazama pembeni.

Jumamosi, 2 Agosti

Asubuhi Baba ameniita kwa jina. Mara ya kwanza tangu Jumapili. Alikuwa uani na koleo. Waya ulikuwa chini, na chuma pembeni yake. Rangi ilikuwa imebanduka pale kilipokuwa kimefungwa.

Akaweka mfuko wa saruji. 50. Akaushusha, akanionyesha kwa kidevu nipande. Nimevua viatu. Akasogeza kipimo polepole, mpaka mkono ukatulia. 51. Amekwenda kufungua lango.

Mama Bhoke alikuwa wa kwanza, na Bhoke akiswaga punda. Gunia likapanda. Mama Bhoke akaisoma namba, akaisoma tena. "Mwaka huu mahindi yangu yamenenepa," kasema. Baba hakucheka. Akamwambia, "Mama Bhoke, tukimaliza usiondoke. Tukae tuongee." Mama Bhoke akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Nadhani ameelewa. Sijui atasema nini, na kwa nani.

Gunia liliposhushwa, Bhoke akapanda mwenyewe, hajaambiwa. Akasimama wima, mikono ubavuni, akasubiri.

Baba akamsomea kwa sauti, watu wote langoni wakasikia. Arobaini na saba.