Inchi Mbili za Kioo

Detroit, 9 Machi 1957

Mpendwa Baba,

Nakuamkia kwa heshima, nikiomba goti lako liwe limetulia na baridi ya huko Bay City iwe imeanza kukuonea haya. Sisi wazima. Jumanne, kabla ya Kwaresima kuingia, Irena wangu alikaanga maandazi ya jemu nami nikala saba, kwa hiyo ukisikia nimenenepa usibishe.

Barua yako niliipata. Unasema hununui gari jipya mpaka litoke lile ambalo mwanao amechonga uso wake, na jirani yako Bwana Olszewski naye umemzuia. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Gari lile halitoki, Baba. Wakubwa wa kampuni wamelifuta.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yetu. Huwa tunachonga nusu tu ya pua ya gari kwa udongo, halafu tunasimamisha kioo kirefu katikati, na hapo nusu inaonekana gari zima. Yangu ilikuwa na taa mbili kila upande na wavu mwembamba wa mbele wenye meno madogo, na bampa nililivika karatasi ya kung'aa mpaka hata wewe, uliyeng'arisha bampa miaka thelathini, ungedhani ni kromu. Nililipenda, sikufichi. Ila Duane, mchora vipimo wetu, alinitania kuwa lina uso wa kasisi aliyebanwa na kola.

Wakubwa walipokuja walilizunguka, kisha mmoja akasema huo ndio uso waliokuwa wakiutafuta. Bwana Haldane, mkuu wa studio, alinipa mkono mbele ya watu. Siku hiyo ndiyo niliyokuandikia kwa mbwembwe.

Tukaamriwa kuchonga pande zote mbili, bila kioo. Lilipokamilika lilikuwa limebanwa kweli, na upana wa gari ulikwishapangwa, hauongezeki. Wakubwa wakakasirika, wakalifuta. Watu walipima siku tatu, na mwisho lawama zikamwangukia Duane, kwamba alikosea michoro. Alianza kufungasha kalamu zake, na mkewe ana mimba ya miezi saba.

Sasa sikiliza, Baba, maana hili sijamwandikia mtu mwingine. Asubuhi ile niliyopewa mkono, kabla wakubwa hawajafika, nilikisogeza kioo inchi moja nje ya katikati, nikaziba upenyo kwa udongo ili uso uonekane mpana. Inchi moja kwenye kioo ni mbili usoni. Duane alikuwa amesema kweli, nami sikutaka awe amesema kweli.

Nilikwenda kwa Bwana Haldane nikamweleza yote. Akasema, "Mkono wa kazi unao, Witold. Nenda ukamwambie Duane mwenyewe, halafu urudi kazini." Duane alinitukana kwa ufasaha, akaniambia nimnunulie chakula cha mchana hadi mtoto azaliwe. Nami nanunua. Siku hizi vioo vya studio nzima naviweka mimi, naye anapima nyuma yangu mara mbili, akicheka. Ule udongo tumeukwangua, uko kwenye gari jingine, la mtu mwingine. Moyo wangu mweupe, Baba, na usingizi umerudi.

Irena anakusalimu sana. Nisalimie Dada Halina na watoto wake. Na wewe na Bwana Olszewski mkanunue magari, yoyote yatakayowapendeza. Mimi usiningoje.

Mwanao,
Witold