Ukuta Usiojua Kukoma

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inanikomesha. Mguu uliochomwa na msumari kazini umepona? Kila nikipiga simu Mama anasema umelala. Usingizi gani huo wa fundi mwashi?

Uliuliza nafanya nini maabara. Nachunguza bakteria wenye kuta mbili. Ule wa nje ni wa mafuta, na dawa nyingi zinaishia hapo hapo. Ndani yao kuna fundi anayeujenga, na msimamizi anayemmaliza fundi huyo ukuta ukitosha, maana ukizidi unawaua bakteria wenyewe. Juzi nilimwondoa msimamizi. Baba, walijenga, wakajenga, mpaka wakafa! Nilipiga kelele, maabara nzima ikanigeukia.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu. Nimecheka mpaka muuguzi akaja kuniangalia. Kumbe hata vijidudu vina msimamizi!

Ndiyo, muuguzi. Nisikufiche tena, niko wodini. Simu sipokei makusudi, ungesikia sauti ungejua. Kidonda kimeoza. Daktari anasema ni bakteria wa aina hiyo hiyo ya kuta mbili, dawa zote zimegonga mwamba, sasa anataka kukata mguu. Nimemwambia atulie, binti yangu ameshapata dawa yao. Barua yako nimeisomea wodi nzima. Wewe fanya kazi yako vizuri, nitangoja. Mwashi wa mguu mmoja atapanda jukwaa gani?

Baba

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hakuna dawa! Nilichofanya nilikifanya kwenye kisahani cha maabara, kwa kuwabadilisha bakteria wenyewe, si ndani ya mwili wa mtu. Dawa ikija itachukua miaka, na huenda isije kabisa.

Nilipopiga simu kukwambia haya, Mama alikuwekea sikioni, ukasema eti maneno hayo nimelishwa na daktari. Haya, mwandiko wangu huu hapa, unaujua tangu darasa la kwanza. Kubali wakukate leo. Baba, nakupigia magoti. Nakutaka hai, jukwaa watapanda wengine. Nimeomba ruhusa kazini, nakuja.

Binti yako

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeuona mwandiko wako, nikakubali siku ile ile. Mguu wameukata. Lakini daktari hakunificha: wadudu walishatangulia, wameingia kwenye damu. Naandika kidogo kidogo. Ukiona herufi zimepinda, usicheke.

Najua utajilaumu. Usithubutu! Wewe ulinieleza kazi yako, mimi ndiye niliyeigeuza dawa. Mama yako anakunja shuka ile ile tangu asubuhi. Naogopa, mwanangu, naogopa kwelikweli. Njoo upesi. Usiponikuta, mshike mama yako.

Wodi nzima wananiona mjinga. Waache. Wangeniambia leo nichague tena kati ya daktari na wewe, ningekungoja wewe.

Baba